Naomba ushauri: elektroskopu yetu hupoteza chaji upesi wakati wa mvua

Ndugu wanachama, nawasalimu kutoka Bukavu, ambako nafundisha fizikia katika shule ya sekondari. Elektroskopu yetu, yaani kifaa cha kuonyesha kama kitu kina chaji ya umeme, ni chupa ya kioo, waya wa shaba uliopita katika kizibo cha plastiki, na vipande viwili vyembamba vya karatasi ya alumini. Wakati wa kiangazi, rula ya plastiki iliyosuguliwa kwa sufu ikigusishwa kwenye ncha ya waya, vipande huachana na kubaki hivyo, kwa kuwa vyote vimepata chaji ya aina moja, nazo husukumana. Mvua zikianza, vipande huanguka kabla wanafunzi wa nyuma hawajaona kitu, na jambo hilo linanisikitisha sana. Nadhani unyevu hutanda juu ya kizibo na kuipatia chaji njia ya kutoroka. Je, nta ya mshumaa itauzuia vizuri kuliko plastiki?

La pili ni kutambua aina ya chaji. Elektroskopu ikiwa na chaji hasi, kitu chenye chaji hasi kikisogezwa karibu, vipande huzidi kuachana. Lakini vikikaribiana haitoshi kusema kuwa kitu hicho kina chaji chanya, maana hata mkono usio na chaji huleta matokeo hayohayo. Kwa hiyo nahitaji pia elektroskopu yenye chaji chanya. Kioo kilichosuguliwa kwa hariri kingefaa, ila nacho hushika unyevu. Mwenye uzoefu wa njia nyingine, hasa ya kuchaji bila kugusisha, naomba anieleze hatua zake kwa mpangilio.