Ravens, Orioles au Dominoes: waimbaji wanne wasio na ala waanze na nani?

Fundi_Sauti
Wakuu, habari za jioni. Tuko vijana wanne tunaoimba bila ala, wote tumelelewa na kwaya. Tumechoka na nyimbo zilezile. Sasa tunataka kurudi nyuma hadi kwenye makundi ya sauti ya Wamarekani weusi ya mwishoni mwa miaka ya 1940 na mwanzoni mwa 1950, enzi R&B (rhythm and blues) ndiyo inaanza kupata sura. Nimebakiza matatu: The Ravens wa New York, The Orioles wa Baltimore na The Dominoes wa Billy Ward. Muda wetu unatosha kulisoma kundi moja tu. Nani anafundisha zaidi? Na tafadhali, jibu la "sikiliza yote" silitaki.

Besi_la_Pwani
Ravens, mjadala ufungwe. Kabla yao mwenye besi, yaani sauti ya chini kabisa, kazi yake ilikuwa kuitikia nyuma. Hata The Ink Spots, waliompa besi nafasi kidogo, walimwachia kipande cha kuongea katikati ya wimbo, kisha anarudi mahali pake. Ravens walipoanza Harlem mwaka 1946, Jimmy Ricks akasogezwa mbele, akawa ndiye mwenye wimbo.

Tafuta *Ol' Man River* waliyorekodi na kampuni ya National mwaka 1947. Wimbo ule watu waliuzoea ukiimbwa polepole, kwa uzito wa jukwaa la maigizo. Wao wakautia mwendo wa kuchezeka, na Ricks anateremka chini kabisa bila sauti kukwaruza. Halafu juu kuna Maithe Marshall, teno (sauti ya juu ya kiume) nyembamba mpaka unajiuliza kama ni mwanamume. Nafasi iliyopo kati ya hao wawili ndiyo shule yenyewe. Waliofuata waliiga hadi kujiita majina ya ndege: Orioles, Cardinals, Flamingos, Penguins, msururu mzima.

Mama_Alto
Besi_la_Pwani, hapo unajipigia debe mwenyewe, tunakujua 😄

Mdogo wangu Fundi, kabla ya yote: mna besi? Sisemi mtu wa sauti ya chini. Nasema mtu anayeweza kusimama mbele na kubeba wimbo kuanzia neno la kwanza hadi la mwisho, na maneno yakasikika. Kama hamna, Ravens watawatesa bure.

Mimi nasema Orioles, na nitaeleza kwa urefu maana hawa watu hudharauliwa kwa kuitwa "wapole". Walikuwa vijana wa mtaani Baltimore, hakuna aliyesomea muziki wa kukariri nota. Meneja wao, Deborah Chessler, alikuwa msichana wa Kiyahudi muuza duka, na ndiye aliyewatungia *It's Too Soon to Know*. Mwaka 1948 aliwapeleka kwenye shindano la redio la Arthur Godfrey, wakashindwa na mpiga piano George Shearing. Haidhuru. Mwaka huohuo wimbo ule ulitoka kwenye santuri, ukashika namba 1 kwenye chati ya R&B na kupanda hadi namba 13 kwenye chati ya jumla, yaani ya Wazungu. Kwa kundi la weusi linaloimba kama weusi, bila kujilainisha ili lipendwe upande wa pili, hilo lilikuwa jambo jipya.

Sikiliza jinsi ulivyopangwa. Sonny Til haimbi kwa nguvu, ananong'ona karibu kama anazungumza na mtu mmoja. Katikati anaingia George Nelson na baritoni yake (sauti ya kiume ya kati) yenye kutu, kipande kifupi tu, na kile kipande ndicho kinaufanya utamu wa Til usichoshe. Alexander Sharp yuko juu anaelea bila maneno. Johnny Reed yuko chini. Ala ni gitaa na besi kubwa ya kusimama, tena zinasikika kwa mbali. Unasikia kila mtu anafanya nini! Kwa ninyi msio na ala, mtaka nini zaidi?

Kabati_la_Santuri
Dada Mama_Alto kaeleza vizuri lakini kaacha moto. Hawa vijana wametoka kwaya, na kundi lililoichukua sauti ya kanisani likaileta mtaani ni Dominoes. Clyde McPhatter alikuwa mtoto wa mchungaji wa Kibaptisti kutoka Durham, North Carolina. *Have Mercy Baby* ya 1952 ukibadilisha maneno machache unaweza kuipeleka ibada ya mkesha. Ilikaa namba 1 ya R&B kwa wiki 10. Mwishoni jamaa analia, analia kweli, kwikwi kabisa, ndani ya rekodi.

Na nidhamu. Billy Ward alisoma muziki, alikuwa mwalimu wa sauti, na aliliendesha kundi kama kambi: waimbaji mshahara wa wiki, ukikosea faini. McPhatter alichoka akaondoka 1953, akaanzisha The Drifters. Aliyechukua nafasi yake? Jackie Wilson. Kundi linalopoteza McPhatter likapata Wilson, hapo kuna mwalimu.

Teno_wa_Mwisho
Kabati, huo mkesha wa kanisa uimbe na *Sixty Minute Man* pia? 😂 Wimbo wa mambo ya chumbani ule! Namba 1 wiki 14 mwaka 1951, na aliyeongoza ni besi wao Bill Brown. Mchungaji akiuelewa mnafukuzwa kwaya siku hiyohiyo.

Kabati_la_Santuri
Hahaha, huo mwachieni Besi_la_Pwani auimbe nyumbani kwake.

Mama_Alto
Turudi kwenye hoja. Dominoes bila saksafoni na ngoma hubakiwa na nini? Mwendo wao mwingi unabebwa na ala. Na ile namna ya McPhatter kuizungusha silabi moja kwenye nota kadhaa hufundishwi kwa rekodi, unayo au huna. Nimeona vijana wengi wakimwiga, wanachopata ni kupiga kelele.

Gitaa_Kavu
Naomba kuongeza wa nne: The "5" Royales. Walianza kama kundi la injili, gitaa la Lowman Pauling...

Fundi_Sauti
Mkuu Gitaa_Kavu, nilishasema matatu. Na hatuna gitaa!

Gitaa_Kavu
Sawa bwana. Basi hata kwetu Afrika msisahau: Manhattan Brothers wa Afrika Kusini walijifunza kwa kuyaiga makundi ya Kimarekani ya Mills Brothers na Ink Spots, na Miriam Makeba alipitia humo kabla dunia haijamjua. Kuiga kwa makini hakujawahi kumpunguzia mtu.

Besi_la_Pwani
Hilo nakubali. Na nikiwa mkweli, kwa watu wa kwaya Orioles wana karata moja kubwa: *Crying in the Chapel* ya 1953. Artie Glenn aliutunga kama wimbo wa kantri na mwanawe ndiye aliyeurekodi kwanza. Orioles wakauchukua, ukawa namba 1 ya R&B. Miaka mingi baadaye Elvis akauimba, ukavuma tena mwaka 1965. Mkiimba huo ukumbini, hata bibi aliyekaa nyuma ataitikia.

Fundi_Sauti
Nimesoma yote, nimewapigia wenzangu. Besi tunaye lakini mwoga, akiwekwa mbele anakauka koo. Kwa hiyo Orioles: tunaanza na *It's Too Soon to Know*, kisha *Crying in the Chapel*. Halafu nitamchokoza huyo besi na ubeti mmoja wa *Ol' Man River*, tuone. Nisikilize rekodi zipi?

Mama_Alto
Za kampuni ya Jubilee, kati ya 1948 na 1954, na ile ya kwanza iliyotoka chini ya jina la kampuni la It's a Natural. Angalia mwaka kabla hujapakua. Til aliendelea kuimba na Orioles wengine karibu hadi alipofariki 1981, na mkusanyiko mwingine huchanganya. Pia mpiga gitaa Tommy Gaither alikufa kwenye ajali ya gari mwaka 1950, kwa hiyo hata ndani ya Jubilee utasikia gitaa limebadilika. Anza na za kabla ya ajali. Na sehemu ya Nelson mpe mwenye sauti mbaya kuliko wote, usimrekebishe.