Nimpeleke mama ABBA Voyage au Boney M? Nataka kulipa kabla ya Ijumaa

Mtoto wa Chumbageni
Wakuu, salaam. Mama yangu anatua Uingereza mwezi ujao na nimeapa hatarudi Tanga kabla hajaona muziki wa ujana wake kwa macho. Nimebaki na mawili: ABBA Voyage pale London, au Boney M, ile anayoimba Liz Mitchell mwenyewe. Jamaa zangu wa kazini wamenichanganya. Mmoja anasema ABBA ni picha tu, mwingine anasema Boney M amebaki bibi mmoja. Aliyewahi kwenda anipe mwanga.

Fundi Santuri
Mkuu, umeuliza bei ya ng'ombe bila kusema ni wa maziwa au wa nyama. Unakaa mji gani? Mama ana miaka mingapi na miguu ikoje? Una shilingi ngapi mfukoni? Na yeye mwenyewe alikuwa wa ABBA au wa Boney M? Miaka ile watu walinuniana kwa hilo kama Simba na Yanga.

Dada wa Kisauni
Mimi nimekwenda ABBA Voyage, nikupe nilichokiona. Unashuka stesheni ya Pudding Mill Lane, ukumbi huu hapa mbele yako. Unabeba watu 3,000, wengine viti, wengine chini wanasimama na kucheza. Wale wanne wenyewe hawapo, hilo lijue mapema. Walivalishwa nguo za kubana wakaimba na kucheza wiki tano Stockholm mbele ya kamera 160, halafu mafundi wakawarudisha umri hadi walivyokuwa 1979. Sauti ni zao za zamani, lakini bendi ya watu 10 iko jukwaani inapiga kweli, ngoma unaisikia kifuani.

Wallahi, Frida, mmoja wa wale wanne, alipotokea, mama wa Kizungu pembeni yangu alimpungia mkono. Na mimi nikapunga. Tukatazamana, tukaanza kulia wote wawili, hatujuani hata jina.

Mzee wa Gongo la Mboto
Mmeipungia skrini! Nimecheka mpaka mke wangu amekuja kuniuliza kuna nini. Lakini hawa wazee nawavulia kofia. Mwaka 2000 waliwekewa dola bilioni moja mezani warudi jukwaani, wakakataa. Leo Björn wa ABBA ameshapita themanini, amekaa kwao na chai yake, kivuli chake kinarukaruka London na Jumamosi kinapiga zamu mbili. Huko ndiko kustaafu.

Mama Junior Kibaha
Mbona hakuna anayetaja Westlife? Wamerudi tangu 2018, watu wazima wenye sauti zao, si vivuli.

Mtoto wa Chumbageni
Dada, mama ana miaka 68. Westlife wanaanza yeye alishakuwa na watoto wanne.

Mama Junior Kibaha
Na hao watoto wanne walikuwa wakiimba nini sebuleni? Mama anazijua zote, muulize. Najua mtasema mwenzao Brian aliondoka 2004 na hakurudi. Sawa. Lakini nilipowaona wakiinuka kwenye vile viti virefu pale wimbo unapopanda, ukumbi mzima tuliinuka nao. Wamenenepa kidogo na wanainuka kwa mahesabu, ila wanainuka. Hilo sitaki mtu anichekee.

Fundi Santuri
Hakuna anayekucheka, dada. Turudi kwa Boney M, maana watu wengi hawajui hii. Yule Bobby Farrell tuliyekuwa tunaiga uchezaji wake hakuwa akiimba kwenye santuri. Ile sauti nzito ni ya Frank Farian, mtayarishaji wao Mjerumani. Maizie, mwenzao wa jukwaani, naye hakuimba humo. Waliokuwa wakiimba ni Farian, Liz na Marcia Barrett. Kwa hiyo ukimpata Liz, umepata sauti ile ile iliyokuwa ikitoka kwenye redio ya mbao. Huyo "bibi mmoja" ndiye mwenye mzigo.

Na Bobby alifariki Saint Petersburg, tarehe 30 Desemba 2010. Rasputin naye, yule Mrusi waliyemwimba 1978, alifia mji huo huo, tarehe hiyo hiyo. Nikifikiria hilo nywele zinanisimama.

Mkongwe wa Coventry
Kabla hujalipa, soma hii. Jina la kundi silitaji, sitaki ugomvi. Miaka michache nyuma nilimpeleka mke wangu kwa siku yake ya kuzaliwa kuona kundi la ujana wetu "limeungana tena". Bango lilikuwa na picha ya watu watano. Walitokea wawili wa zamani na vijana watatu, ukikisia ni wapwa zao. Hapo bado nilikuwa nafurahi.

Wimbo wa tatu, mwimbaji mkubwa akashika kile chuma cha maikrofoni kama mtu anavyoshika mkongojo. Akaegemea. Akachukua chupa ya maji, akaifungua, akanywa, na sauti yake ikaendelea kuimba kwenye spika, tena kwa noti ya juu kabisa. Alipogundua alishtuka, maji yakamwingia vibaya, akakohoa. Sauti ikaendelea tu, tamu, bila kikohozi. Mke wangu alinishika mkono akasema, "Baba Asha, twende, usiwaangalie tena, tutaharibu ule ujana uliobaki." Tuliondoka kabla ya wimbo tuliokuwa tumeufuata. Safari nzima kwenye basi hatukuongea.

Ndiyo maana nakwambia, bora ABBA. Kivuli hakikohoi.

Dada wa Kisauni
Pole sana, kaka. Hiyo inauma.

Mtoto wa Chumbageni
Asanteni. Nipo Leicester. Mama alifanyiwa upasuaji wa goti mwaka jana. Bajeti pauni 200 kwa wote, tiketi na nauli. Na nilisahau kusema, anakuja na mamkubwa. Mama ni ABBA damu, mamkubwa ni Boney M kwa sababu kwaya yao kanisani iliimba ile Zaburi ya 137, yaani Rivers of Babylon ya Boney M, miaka na miaka.

Fundi Santuri
Wee! Kumbe mko watatu, na wawili hawapatani! Na goti! Ungeanza na hayo. Basi habari ya kusimama chini futa, tafuta viti.

Mzee wa Gongo la Mboto
Pauni 200 za watu watatu kwenda kutazama taa. Subirini warudi Dar, nitawapeleka mwenyewe Msondo. Bendi ipo tangu 1964 ikiitwa NUTA Jazz, ikawa JUWATA, ikawa OTTU, haijawahi kuhitaji "kuungana tena" kwa sababu haikuachana.

Mkongwe wa Coventry
Mzee, kama ni wakongwe, sema Sikinde. Vile vyombo vya upepo Msondo hawakuvipata hata siku moja.

Mzee wa Gongo la Mboto
Sikinde wamezaliwa 1978, wale ni wajukuu. Usinitie presha.

Fundi Santuri
Mmeanza. Yule kijana analipa Ijumaa.

Mtoto wa Chumbageni
Nimempigia mama sasa hivi, nikamweleza habari ya vivuli na kamera. Alinyamaza kidogo. Nikadhani amekataa. Kumbe alikuwa na swali lake: "Agnetha na mumewe walirudiana?"

Dada wa Kisauni
Hapana, mama. Yeye na Björn waliachana moja kwa moja. Ila pale ukumbini wapo jukwaa moja kila onyesho.

Mtoto wa Chumbageni
Nimemwambia hivyo hivyo. Akasema basi atakwenda akawaone. Lakini mamkubwa amemnyang'anya simu, anataka Liz Mitchell au haji kabisa. Tiketi bado sijagusa.

Mama Junior Kibaha
Wote wawili wanaipenda Westlife, nakuhakikishia.

Mkongwe wa Coventry
Mzee wa Gongo la Mboto, bado nasubiri unitajie mwaka ambao Msondo waliwashinda Sikinde.