Tope la choo: biogesi au briketi?

Kisumu_Jikoni: Wadau, badala ya kulipia lori likamwage tope letu, nataka litupikie. Fundi mmoja anasema tangi la biogesi (gesi ya kinyesi kinachooza), mwingine briketi (mabonge ya makaa ya tope). Pesa zinatosha kimoja tu na kikao ni Ijumaa. Nisaidieni.

FundiTangi: Tope la wapi? Septiki au choo cha shimo? Lita ngapi? Bila hayo tunapiga ramli.

Kisumu_Jikoni: Samahani. Shule ya bweni, septiki. Lori la lita 10,000, kila muhula mara moja.

FundiTangi: Hilo si la biogesi. Limekaa miezi, limeshaoza, gesi yake ilitokea kwenye bomba la hewa zamani. Biogesi inataka kinyesi kibichi: vyoo viingie tangini moja kwa moja, uanzishe kwa samadi ya ng'ombe na maji nusu kwa nusu. Joto la Kisumu linakufaa kuliko baridi ya Nakuru.

Makaa_Nakuru: Baridi yetu imekukosea nini? Briketi za tope zinatengenezwa hapa Nakuru na zinauzwa. Kausha hadi unyevu uwe chini ya asilimia 20, choma kwenye pipa lililobanwa hewa, nyuzi kama 300, saga, changanya na vumbi la mbao lililochomwa vilevile, tia molasi ya miwa iwe gundi, viringisha kwenye pipa linalozunguka. Mayai ya minyoo yanafia motoni. Kwenye biogesi mengi hutoka hai.

FundiTangi: Piga hesabu. Yabisi, yaani kinachobaki maji yakiisha, ikiwa asilimia 2, lori zima ni kilo 200 kavu. Ukichoma, karibu nusu inapotea. Jiko la bweni litazimaliza briketi hizo siku ngapi?

Kwangua: Na mchanga je? Tope likianikwa juu ya mchanga mtupu, kila sepetu inapanda nao. Briketi hutoka ngumu, za kupendeza, lakini jikoni zinashika kidogo tu, majivu yanazivika blanketi na moto unafia ndani. Tope lenyewe lina majivu tele. Panga matofali juu ya mchanga, uache nyufa za maji kupita, ukwangue juu ya tofali.

Busia_Muhogo: Molasi inatoa moshi. Uji wa muhogo ndio gundi.

Makaa_Nakuru: Moshi ni wa briketi mbichi. Na uji wako ukichelewa kukauka unaota ukungu, hasa masika.

Kisumu_Jikoni: Vyoo viko mita 60 kutoka jikoni, na kuna ng'ombe wanne. Hiyo inabadilisha kitu?

FundiTangi: Ng'ombe ulikuwa umewaficha wapi?!

Busia_Muhogo: Anayejua bei ya molasi Muhoroni aniambie. Naitaka ya kulisha mifugo.