Udikteta wa proletariati: Marx alimaanisha nini hasa?

Muuliza swali:
Wakuu habari zenu. Hili neno la Karl Marx, udikteta wa proletariati (yaani tabaka la wafanyakazi), linanisumbua, kila nikisoma nakutana na maana mbili zinazogongana. Wengine wanasema Marx alitaka chama kimoja kishike dola na wapinzani wanyamazishwe, wengine wanasema hapana, alitaka wafanyakazi ambao ndo wengi wawe ndo wanaotawala. Ipi sahihi? Na kama ni hiyo ya pili mbona akachagua neno kali vile?

Jibu la 1:
Mkuu enzi zile neno halikuwa na sura hii ya leo. Marx analitumia 1850, halafu tena 1852 kwenye barua kwa rafiki yake Weydemeyer, na msomi wa wakati huo akisikia dikteta anawaza Roma ya kale, mtu anapewa madaraka makubwa wakati wa hatari, kisheria kabisa, ikifika miezi sita ayaachie. Pia Marx haangalii serikali imeundwaje, anaangalia dola iko mikononi mwa tabaka gani, ndo maana hata jamhuri yenye bunge na uchaguzi kwake inaweza kuwa udikteta wa mabepari. Sasa kikundi kidogo kutawala kwa niaba ya wafanyakazi hayo ni mambo ya wafuasi wa Blanqui, yule mwanamapinduzi wa Ufaransa, na Engels, mwenzake Marx, aliwapinga waziwazi mwaka 1874.

Jibu la 2:
Sawa ila tusimtetee Marx kupita kiasi, aliacha pengo kubwa. Mwaka 1875 akiikosoa programu ya Gotha, ile ya chama cha wafanyakazi wa Ujerumani, anasema kati ya ubepari na ukomunisti kuna kipindi cha mpito na dola ya kipindi hicho ni huo udikteta, basi, hasemi vyama vingapi, uchaguzi wa namna gani, nani anamdhibiti nani. Lenin, kiongozi wa mapinduzi ya Urusi ya 1917, akalijaza pengo kwa namna yake, 1918 anaandika kwamba udikteta ni utawala unaosimama juu ya nguvu na haufungwi na sheria yoyote. Kautsky, mfuasi wa Marx aliyempinga Lenin, mwaka huohuo anasema Marx alizungumzia hali, sio muundo wa serikali. Mimi nasimama na Rosa Luxemburg, mwanamapinduzi wa Ujerumani, yeye aliyaunga mkono mapinduzi ya Urusi na bado akiwa gerezani akaandika kwamba huu uwe udikteta wa tabaka, sio wa wachache wanaoongoza kwa jina la tabaka.

Muuliza swali:
Asanteni sana. Kuna mfano wowote ambao wao wenyewe waliutaja?

Jibu la 1:
Upo, Engels 1891 anasema wazi, tazameni Komuni ya Paris (serikali ya wafanyakazi iliyoshika mji huo kwa muda mfupi 1871), huo ndo ulikuwa udikteta wa proletariati. Na pale Paris 1871 wajumbe walipigiwa kura, mshahara wa juu faranga 6,000 kwa mwaka, na barazani kulikuwa na makundi yanayopingana. Hayo hayafanani na chama kimoja hata kidogo!

Jibu la 3:
Lakini hayo ni maneno ya Engels, na Marx alishafariki 1883. Kwenye andiko la Marx la 1871 kuhusu Komuni neno hilo halimo. Tena Komuni hiyohiyo ilifunga magazeti ya wapinzani, na Mei ikaunda Kamati ya Usalama wa Umma, watu wachache wenye madaraka makubwa, huku wajumbe wachache wakipinga kwamba huo sasa ni udikteta, wakiutaja kwa ubaya. Kwa hiyo ugomvi wa Lenin na Kautsky ulikuwa umeshaanza mlemle ndani ya Komuni, na ndo maana sikubali kwamba Lenin aliuleta kutoka nje.