Tupeane uzoefu: programu za podikasti, za kutafutia habari na za simu ulizojaribu ukiwa Mtwara au Lindi

Wakuu wa Kusini, habari za asubuhi.

Tangu mwaka jana namrekodi bibi yangu, Mikindani, akisimulia maisha ya zamani. Katika kuhangaika nimejaribu programu nyingi, nyingine nimezifuta siku hiyohiyo. Naomba kila mmoja aseme alichokitumia yeye mwenyewe na kilimsaidia kwa kazi gani. Vya kwenye matangazo tunavisikia kila siku, hivyo tuviache.

Naanza mimi. Mwanzoni nilitumia sauti za WhatsApp, maana kila mtu nyumbani anazijua. Zinafika haraka na hazili bando, lakini wepesi huo unatokana na sauti kubanwa. Ukiunganisha vipande kumi halafu ukavihifadhi kwa kuvibana tena, mzee anasikika kama anaongea ndani ya mtungi. Nikahamia kwenye kinasa sauti cha simu, nikachagua WAV, yaani faili la sauti isiyobanwa. Sauti ikawa safi kabisa, ila dakika moja ya mono (mkondo mmoja wa sauti) inachukua zaidi ya MB 5, kwa hiyo mazungumzo ya nusu saa ni kama MB 160. Siku hizi narekodi WAV, nahamishia kwenye kompyuta kwa waya, nahariri kwa Audacity (ni ya bure, ipo tangu 2000), kisha natoa MP3 ya mono ya kbps 64. Kipindi cha dakika 20 hakifiki MB 10. Mtu wa Nanyamba mwenye bando la siku anakipakua na linabaki.

Kuhusu kelele: hakuna programu iliyonisaidia kuliko kuhamia chumbani. Barazani upepo wa bahari unagonga maiki moja kwa moja. Chumbani nazima pangaboi, bibi anakaa kitandani, nyuma yake kuna kanga zimetundikwa, simu naiweka juu ya mto karibu na kidevu chake. Programu ya kuondoa kelele nilishaijaribu. Iliondoa upepo na ikala na herufi za mwisho za maneno.

Nilipokwama ni kwenye kugeuza sauti kuwa maandishi. Kuna aliyejaribu?

Mdau wa Masasi

Nimejaribu mbili. Kiswahili cha kawaida kinaandikika, unarekebisha hapa na pale. Lakini mzee wangu huchanganya Kiswahili na Kimakua. Kila akivuka kwenda Kimakua, programu haisimami. Inaendelea kuandika maneno yanayofanana na Kiswahili, sentensi zimekamilika na nukta zimewekwa, wakati mzee hakusema hata moja. Hilo ndilo lililonitisha, kwa sababu asiyeijua lugha atasoma na kuamini. Sasa nasikiliza upya kila mstari, na penye Kimakua naandika kwa mkono.

Wenye muda, Mozilla wana mradi wa Common Voice unaokusanya sauti za Kiswahili kwa kujitolea. Unasoma sentensi, wenzako wanahakiki, na sauti zinapatikana kwa wanaotengeneza programu hizi. Mimi husoma jioni kwa lafudhi yangu ya Kusini, kwa sababu mashine isiyowahi kutusikia haitatuelewa.

Mdau wa Lindi mjini

Mimi ni mwalimu, nitazungumzia kutafuta habari. Nilikuwa naandaa somo la Tendaguru, kule Wajerumani walikochimba mifupa ya mijusi wakubwa kati ya 1909 na 1913. Nilifanya jaribio: swali moja, lugha tatu. Kwa Kiswahili nilipata zaidi habari za magazeti, nyingi zikirudia aya zilezile kuhusu mifupa irudishwe au isirudishwe. Kwa Kiingereza nikapata makala za kisayansi. Kwa Kijerumani, nikitumia programu ya kutafsiri, nikafika kwenye kurasa za makumbusho ya Berlin, ambako mifupa ya Giraffatitan, mmoja wa mijusi hao, ilisimamishwa mara ya kwanza 1937, na kimo chake ni zaidi ya mita 13. Wanafunzi wangu wanaishi mkoa uleule mifupa ilikotoka, na habari yake kamili wanaipata kwa lugha ya Berlin. Liliniuma, na bado linaniuma.

Mbinu iliyonisaidia: andika site:go.tz mbele ya unachotafuta, utaletewa kurasa za serikali peke yake. Ukiongeza filetype:pdf unapata ripoti nzima. Nimeijaribu Google na DuckDuckGo, kote inafanya kazi.

Mdau wa Tandahimba

Nina mikorosho. Nilipiga picha jani lenye ungaunga mweupe, nikaitafuta kwa picha kwenye simu. Ikanipa ugonjwa wa mwembe. Nikauliza programu moja ya akili mnemba, nayo ikanipa dawa na vipimo bila kusita. Sikupulizia. Nilimpelekea bwana shamba picha zilezile, akasema ubwiriunga, akanielekeza salfa na wakati wake, na mwongozo wake ulitoka kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele.

Programu ninayoitegemea ni daftari la kawaida la kwenye simu. Naandika tarehe ya kupulizia, mifuko, na mikorosho iliyotoa maua. Msimu wa mnada ukifika najua nilichotumia kwa kila kilo.

Mdau wa Newala

Kabla hujaweka programu angalia inaomba ruhusa gani. Tangu Android 6 ya mwaka 2015 simu inakuuliza ruhusa mojamoja, unaweza kukataa. Mdogo wangu alikubali zote kwenye programu moja ya mikopo. Alipochelewa siku chache, jumbe za deni lake ziliwafikia wakwe zake. Tochi haihitaji majina ya watu wako, na mkopo vilevile.

Mdau wa Kilwa Masoko

AntennaPod, programu ya kusikilizia podikasti. Ya bure, haina matangazo, unaweza kuiamuru ipakue vipindi ukiwa kwenye waifai tu. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipopita, barabara ya Dar ilikatika upande wetu, na siku chache baadaye nyaya za chini ya bahari zikapata hitilafu, intaneti ikasuasua nchi nzima. Nilikuwa na vipindi vyangu ndani ya simu. Tulisikiliza na majirani usiku.

Mleta mada

Asanteni sana. Mwalimu wa Lindi, hiyo ya lugha tatu nimeijaribu kwa jina la Mikindani, nimepata vitu ambavyo sijawahi kuviona. Wa Masasi, nimefuta maandishi yote yaliyotengenezwa na programu, naanza upya kwa masikio.

Jana jioni nilimwekea bibi kipindi cha kwanza kilichokamilika, kwenye spika ndogo. Alisikiliza mpaka mwisho bila kusema neno. Kisha akauliza kwa nini nimekata pale aliponyamaza, kwa sababu pale alikuwa anamkumbuka dada yake. Nimeirudisha ile sekunde kumi na moja. Ameniambia nirudi Jumamosi, yapo ya dada yake hajayasema.