Hoteli ya "familia" ufukweni: nimelipia bahari ya siku saba, nimeiona kwa saa za kuhesabu

Wakuu, nimekaa siku nne tangu turudi nikisubiri hasira ishuke ndipo niandike. Haikushuka, basi naandika nayo hivyohivyo.

Tulikuwa sita: mimi, mke wangu, mama yangu mzazi na watoto watatu wa miaka 11, 7 na 3. Siku saba kwenye hoteli ya ufukweni huko ukanda wa joto, kifurushi cha familia, kila kitu ndani. Jina lao silitaji kwa sababu bado nawadai, na sitaki wapate pa kunigeuzia kibao. Picha waliyonitumia kabla sijalipa ilionyesha bahari ya samawati imefika hadi kwenye ngazi za baraza, watoto wanaruka kutoka ngazini na kutua majini. Yule wangu wa kati aliiweka picha hiyo kwenye simu ya mama yake na kila jioni anahesabu siku.

Tulifika usiku. Kesho yake saa nne asubuhi watoto wameshavaa nguo za kuogelea, tunashuka zile ngazi, hakuna bahari. Kuna tope, mwani unaonuka, vipande vya matumbawe, na kule mbali kabisa kamstari keupe ambako mawimbi yanapasuka. Mama akasimama ngazi ya mwisho, akaniuliza, "Sasa wameipeleka wapi?"

Mapokezi kijana akatabasamu. "Maji yamekupwa, mzee. Yatarudi."

Najua maji hupwa na kujaa, sikuzaliwa jana. Kilichonichoma nilikuja kukielewa siku ya pili, nilipopiga soga na mzee mmoja mwenye mashua. Tulikuwa tumefika mwezi mpevu, yaani bamvua, wakati maji yanapojaa sana na kupwa sana. Mzee akanieleza kwamba pwani ile bamvua ina saa zake hazibadiliki: maji yanakauka katikati ya asubuhi na kujaa alasiri kama saa kumi, iwe mwezi mpevu au mwezi mwandamo, mwezi huu au ujao. Kuanzia hapo kila siku yanachelewa kiasi cha dakika 50. Majedwali ya maji yanatolewa mwaka mzima mbele. Kwa hiyo siku napokea ankara yao, hoteli ilikuwa na uwezo wa kujua kila saa ambayo wanangu wangekuwa na bahari na kila saa ambayo wangekuwa na tope. Wakanitumia picha ya maji yakiwa yamejaa pomoni, wakanyamaza.

Sasa hesabu nanyi. Maji yanajaa saa kumi alasiri. Mwokoaji wao anafunga kazi saa kumi na moja, bendera nyekundu inapanda, mtoto haruhusiwi kugusa maji. Siku ya kwanza tukapata kama saa mbili za kuogelea. Siku ya tatu yalijaa karibu saa kumi na mbili, jua linazama, na kule giza likiingia halibishi hodi. Siku ya tano yalijaa saa moja asubuhi, mwokoaji hajafika, anaanza saa tatu! Nikamwomba meneja, huyo mtu mbadilishieni zamu ifuate maji badala ya kufuata saa ya ukutani. Akaniambia ratiba hupangwa na ofisi kuu. Ofisi kuu ipo mji ambao hauna bahari.

Eti hawakujua? Ingia duka lao la ndani. Rafu nzima ya viatu vya mpira vya kukanyagia mwamba, saizi zote hadi za watoto wa miaka miwili, bei ya kukomoa. Mwenye duka anajua mgeni atatembea juu ya mawe. Mwenye picha ndiye hajui.

Sikununua siku ya kwanza, na hilo ni kosa langu. Wa miaka 7 akachoka kusubiri, akatembea kuyafuata maji, akakanyaga kile kidude cha baharini cheusi chenye miiba kama nungu. Miiba minne ndani ya unyayo. Chumba cha huduma ya kwanza kilikuwa na plasta, dawa ya kikohozi na kalenda. Ni yuleyule mzee wa mashua aliyetuambia tuuloweke mguu kwenye maji ya moto, yenye joto la kuvumilika, tujaribu wenyewe kwanza kwa mkono tusimuunguze. Maumivu yakapungua. Daktari wa mjini akatoa miiba iliyobaki, kwa pesa yangu. Kila kitu ndani, lakini miiba nje.

"Basi tumieni bwawa," wakasema. Bwawa la watoto lilikuwa limefungiwa utepe, linakarabatiwa, jambo ambalo pia halikuandikwa popote. Lililobaki linaanza na kina cha mita 1.4, kifuani kwangu, na ubao umeandikwa hakuna mwokoaji. Nilikaa pembeni siku nzima macho hayapepesi, maana mtoto anayezama hapigi kelele kama watu wanavyodhani, anashuka kimya, na muziki wao ulikuwa juu. Halafu harufu ya dawa inakukaba koo. Mhudumu akajisifu kwamba hiyo ni dalili ya usafi. Ndugu, ni kinyume chake. Klorini ikishachanganyika na jasho na mikojo ya watu ndiyo inatoa ile harufu kali. Bwawa lililotunzwa vizuri halinuki hivyo.

Na jua je? Saa zile ambazo bahari haipo, saa nne hadi saa tisa, ndizo saa mionzi ya UV, ile ya jua inayounguza ngozi, kwenye ukanda huo inapanda hadi kipimo cha 11 na kupita, yaani kali kupindukia. Miavuli ilikuwa ya kugombania. Watu wanaamka alfajiri wanaitandikia taulo kisha wanarudi kulala, na hakuna mfanyakazi anayeziondoa. Tulipaka losheni kila baada ya saa mbili kama inavyotakiwa, bado mdogo akababuka mabega.

Vyumba nisivizungumzie sana. Niliahidiwa viwili vyenye mlango wa katikati, nikapewa kimoja chini na kingine ghorofa ya tatu, lifti mbovu, mama yangu ana magoti. Akaishia kulala kitanda cha kukunja chumbani kwetu, tukiwa watu sita na feni moja.

Nimeandika barua pepe kudai nirudishiwe sehemu ya pesa. Jibu limekuja jana: "hali za asili haziko chini ya uwezo wetu." Sijamlaumu mwezi mimi! Nimewalaumu waliojua mwezi upo wapi wakauza picha. Kama kuna mtu humu amewahi kubanana na hoteli kwa madai ya aina hii akalipwa, anielekeze: nianze na wakala aliyenikatia safari, au benki nilikolipia kwa kadi? Picha zangu za kila siku ninazo, zote zina saa.

NYONGEZA: Mnaosema ningeangalia jedwali la maji mwenyewe, sawa, nimejifunza. Ila niambieni ni wangapi kati yenu mlinunua likizo ya watoto mkaanza na kalenda ya mwezi.

Na nilisahau kuwaambia siku ya saba. Kutoka chumbani mwisho saa nne asubuhi. Tunateremka na masanduku saa tatu, bangili za hoteli zimeshakatwa mikononi, bahari ipo. Imejaa, imetulia, maji mafu kabisa, yaani yale yasiyojaa wala kupwa sana kama bamvua, ya kumfundishia mtoto kuogelea. Mwokoaji kakaa kwenye kiti chake, bendera ya kijani. Wa kati akanishika mkono, mguu bado una bandeji, akasema, "Baba, ile picha ndiyo hii."

Gari la uwanja wa ndege lilikuwa linapiga honi.