Jenkins: nimerudisha folda ya jobs kwenye seva mpya, jobu 23 hazionekani na kredenshali zinakataa

seva_mpya

Wakuu, habari za kazi. Nahamisha Jenkins (programu inayojenga na kupima msimbo kiotomatiki) kutoka seva moja kwenda nyingine. Bakapu iliyokuwepo ni `tar` ya kila usiku inayochukua vitu viwili tu: `/var/lib/jenkins/jobs` na `credentials.xml`. Kwenye seva mpya (Debian, Java 17) nimesakinisha LTS (toleo linalotunzwa kwa muda mrefu) ya sasa na plagini zile zinazopendekezwa mwanzoni, nikafungua tar kama root, nikawasha. Hali ilivyo:

- Jobu zilikuwa 61, zinaonekana 38. Kwenye diski folda zote 61 zipo.
- Zinazoonekana, nyingi zinafeli palepale zinapovuta msimbo wa Git. Kredenshali (nywila na tokeni zilizohifadhiwa ndani ya Jenkins) ziko kwenye orodha na majina yake, lakini hazikubaliki.
- Manage Jenkins inaonyesha onyo la Manage Old Data, na kuna kitufe cha kutupa data isiyosomeka.
- Jobu mbili zinazoendeshwa ndani ya kontena ya Docker zinafika kwenye `sh`, zinakaa kimya, kisha zinafeli na ujumbe wa `process apparently never started`.

Seva ya zamani imezimwa ila diski yake inasomeka, nimeiunganisha kwenye `/mnt/zamani`. Nianzie wapi? Na je, nibonyeze kile kitufe?

---

logi_kwanza

Usibonyeze. Na usifungue Configure ya jobu yoyote ukabonyeza Save mpaka plagini zote ziwe zimerudi.

Sababu ni hii. Jenkins ikisoma `config.xml` ya jobu na kukuta kipengele ambacho hakuna plagini inayokijua, inakiruka na kupakia kilichobaki kwenye kumbukumbu. Faili kwenye diski bado ni nzima. Ila ukibonyeza Save, au kile kitufe cha kutupa, Jenkins inaandika kwenye diski kile ilichonacho kwenye kumbukumbu, na sehemu iliyorukwa ndiyo imekwenda. Watu wengi hupoteza mipangilio hapo, wakati kuhama kwenyewe hakujaharibu kitu.

Kipengele kisichojulikana kikiwa ndicho cha juu kabisa kwenye faili, jobu nzima haipakiwi. Hizo ndizo 23 zako. Hakikisha:

```
journalctl -u jenkins -b | grep CannotResolveClassException
cd /var/lib/jenkins
find jobs -name config.xml -not -path '*/builds/*' \
  -exec sed -n 2p {} \; | sort | uniq -c
```

Amri ya pili inatoa mstari wa pili wa kila faili, ambao kwa kawaida unataja aina ya jobu pamoja na plagini na toleo lake. `flow-definition` inahitaji plagini ya `workflow-job`. `maven2-moduleset` inahitaji `maven-plugin`, na hii haimo kwenye zile zinazopendekezwa, kwa hiyo naishuku kuliko nyingine zote. Aina ya folda ikikosa plagini yake, kila kilichomo ndani kinapotea pamoja nayo. Usishangae 23 zikawa ni folda mbili tu.

Halafu umefungua tar kama root, basi angalia pia umiliki:

```
find /var/lib/jenkins ! -user jenkins | head
```

Ikitoa chochote, `chown -R jenkins:jenkins /var/lib/jenkins`.

---

ufunguo_mkuu

Naongezea upande wa kredenshali, maana hapo `credentials.xml` peke yake haina faida yoyote.

Nywila na tokeni ndani ya faili hiyo zimefungwa (zile zinazoanza na `{AQAAAB`). Zinafunguliwa na `secrets/hudson.util.Secret`, na hiyo nayo imefungwa kwa `secrets/master.key`. Jenkins yako mpya ilipowaka mara ya kwanza haikukuta hizo faili, ikajitengenezea zake. Ndiyo maana majina unayaona na siri hazifunguki. Ndani ya folda hiyohiyo kuna faili ya `jenkins.slaves.JnlpSlaveAgentProtocol.secret`: ikibadilika, ejenti (mashine zinazoendesha kazi kwa niaba ya Jenkins) zote zinazojiunga zenyewe na seva zitakataliwa kwa sababu siri zao zinatokana nayo. Kwa hiyo usichague faili moja moja, chukua folda nzima.

Kwa kuwa diski ya zamani ipo, mimi nisingehangaika kuitibu hii uliyonayo. Anza upya, kwa mpangilio huu:

1. Zima: `systemctl stop jenkins`. Usinakili `secrets` Jenkins ikiwa inawaka.
2. Soma toleo la zamani: `grep '<version>' /mnt/zamani/var/lib/jenkins/config.xml`. Sakinisha hilohilo kwenye seva mpya, mfano `apt install jenkins=2.479.3`, kisha `apt-mark hold jenkins`. Kuhama na kupandisha toleo ni kazi mbili, usizichanganye, la sivyo likitokea kosa hutajua limeletwa na ipi.
3. Sogeza kando folda uliyonayo, `mv /var/lib/jenkins /var/lib/jenkins.jaribio`, halafu nakili ya zamani yote isipokuwa `workspace` (folda za kazi za jobu), `caches` na `war`.
4. `chown`, kisha washa huku ukiangalia `journalctl -fu jenkins`.

Kama kuna kredenshali mpya ulizoingiza kwenye hii ya sasa, ziandike pembeni. Zimefungwa kwa ufunguo mpya na hazitasomeka baada ya ule wa zamani kurudi.

Angalizo la Java: LTS kuanzia 2.479.1 inataka Java 17 au zaidi, kwenye ejenti pia. Ejenti yenye Java 11 itakupa `UnsupportedClassVersionError` yenye namba 61.0, ambayo maana yake ni Java 17.

---

seva_mpya

Nimefuata hatua hizo. Zote 61 zimerudi, Git inavuta, onyo la Old Data limeondoka. Ilikuwa `maven-plugin` kweli, na folda moja yenye jobu 19 ndani.

Mawili yamebaki. Zile za Docker bado zinasema `never started`. Na kuna bildi (mzunguko mmoja wa kuendesha jobu) moja inakufa katikati na `script returned exit code 137`, ilhali seva ya zamani ilikuwa inaimaliza bila shida.

---

logi_kwanza

137 ni 128 + 9: mchakato umeuawa kwa ishara ya 9, na mara nyingi muuaji ni kerneli baada ya RAM kuisha. Kwenye mashine iliyoendesha bildi:

```
dmesg -T | grep -i 'killed process'
```

Ukiona `java` au `node` hapo, umepata jibu. Kama hatua hiyo iko ndani ya kontena yenye kikomo cha kumbukumbu, angalia `OOMKilled` kwenye `docker inspect`. Linganisha RAM ya seva mbili hizo. JVM (injini inayoendesha programu za Java) isipopewa `-Xmx` (kikomo cha kumbukumbu) hujiruhusu robo ya RAM ya mashine, na kila mchakato wa Java unajipigia hesabu hiyo kivyake: Jenkins yenyewe robo, bildi mbili za Maven robo nyingine mbili, vipimo vilivyozaliwa na Maven robo tena. Weka `-Xmx` kwenye `MAVEN_OPTS`, na kama una ejenti, punguza eksekyuta za Built-In Node (nafasi za kuendesha bildi kwenye seva ya Jenkins yenyewe) mpaka 0 ili bildi zisigombanie RAM na Jenkins.

Namba nyingine za kukumbuka: 143 ni ishara ya 15, yaani bildi imesimamishwa na mtu au na kikomo cha muda, RAM haihusiki. 127 ni amri haikupatikana, na ejenti za SSH huipata sana kwa sababu PATH iliyoandikwa kwenye mipangilio ya shell ya mtumiaji haisomwi kila wakati. 126 ni faili ipo lakini haina ruhusa ya kuendeshwa.

Sasa `never started`. Plagini huandika skripti yako kwenye folda ya pembeni ya workspace yenye jina linaloishia na `@tmp`, kisha inaiendesha ndani ya kontena na kusubiri ione logi. Isipoiona, ndiyo ujumbe huo. Wa kushukiwa ni watatu: mtumiaji wa ndani ya kontena hawezi kuandika kwenye `@tmp` (kwa kawaida ni mabaki ya UID (namba ya mtumiaji) ya zamani kwenye ejenti; futa workspace na `@tmp` yake ijiumbe upya), imeji yenye ENTRYPOINT inayomeza amri (weka `args '--entrypoint='` kwenye ejenti ya Docker), au ejenti yenyewe iko ndani ya kontena na njia ya workspace haifanani na ile ya mashine mama.

Badala ya kubahatisha, washa uchunguzi kwa muda kwa `systemctl edit jenkins`:

```
[Service]
Environment="JAVA_OPTS=-Djava.awt.headless=true -Dorg.jenkinsci.plugins.durabletask.BourneShellScript.LAUNCH_DIAGNOSTICS=true"
```

Washa Jenkins upya na kosa halisi litajitokeza kwenye logi ya bildi. Ukimaliza, liondoe.

---

seva_mpya

UID. Ejenti ya zamani ilikuwa 1001, mpya ni 998. Nimefuta workspace zote mbili na zinapita. Ya 137 nayo: RAM ni nusu ya ile ya zamani.

Sasa nataka bakapu ya maana. Nichukue nini, niache nini?

---

ufunguo_mkuu

Chukua JENKINS_HOME (hapa ni `/var/lib/jenkins`) yote, toa vinavyojitengeneza vyenyewe. Orodha ya kuacha ni salama kuliko orodha ya kuchukua, kwa sababu plagini mpya ikiongeza faili yake huko juu, orodha ya kuchukua haitaijua.

```
#!/bin/bash
D=/bakapu/jenkins
LEO=$(date +%F)
rsync -a --link-dest=$D/mwisho \
  --exclude=/workspace/ --exclude=/caches/ \
  --exclude=/war/ --exclude=/logs/ \
  --exclude='/jobs/**/builds/*/archive/' \
  --exclude=/secrets/master.key \
  /var/lib/jenkins/ $D/$LEO/ || [ $? -eq 24 ] || exit 1
ln -sfn $D/$LEO $D/mwisho
```

`--link-dest` inafanya kila siku iwe na folda kamili huku faili zisizobadilika zikishirikiwa, kwa hiyo nafasi hailiwi sana. Usitumie kioo kimoja chenye `--delete`: jobu iliyofutwa kwa bahati mbaya leo mchana itafutwa na bakapu usiku. Kodi 24 ya rsync ni faili kutoweka wakati inanakili, jambo la kawaida bildi zikiwa zinaendelea. Kodi 23 si ya kupuuza, hiyo ni nakala pungufu.

`master.key` nimeitoa kwa makusudi. Haibadiliki kila siku. Inakili mara moja, iweke sehemu nyingine kabisa yenye ulinzi. Atakayeiba bakapu bila ufunguo ana kopo lililofungwa. Vikiwa pamoja, ana nywila zako zote.

---

faili_moja

Sikubaliani na kubeba `builds` zote. Kwa jobu zilizo kwenye Jenkinsfile (faili ya maelekezo ya jobu inayokaa pamoja na msimbo), mpangilio uko Git tayari, na historia ya bildi za miezi iliyopita haisomwi na mtu. Ndiyo inayojaza diski, na kabla ya gigabaiti kuisha huisha inode (nafasi za kuorodhesha faili kwenye diski) kwa sababu ya wingi wa faili ndogo (`df -i`). Weka hii kwenye paipulaini (mtiririko wa hatua ulio ndani ya Jenkinsfile):

```
options { buildDiscarder(logRotator(numToKeepStr: '30', artifactNumToKeepStr: '5')) }
```

Kisha acha `builds` nje ya bakapu, lakini usiache `nextBuildNumber`. Iko kwenye folda ya kila jobu, kando ya `config.xml`. Bila historia na bila faili hiyo, hesabu inaanza 1, na kama namba ya bildi ndiyo lebo ya imeji au ya toleo, utaanza kuandika juu ya matoleo ya zamani.

---

ufunguo_mkuu

Kwa jobu za Git, sawa. Zile za `maven2-moduleset` mipangilio yake haiko Git, na logi za bildi zilizotoa matoleo huulizwa na wakaguzi. Hizo ziwekee Keep this build forever, halafu bakapu izibebe.

Jambo moja kabla hujaiamini bakapu yoyote: ijaribu. `JENKINS_HOME=/srv/jaribio java -jar jenkins.war --httpPort=9999` juu ya nakala, pamoja na `master.key`. Ila nakala hiyo ina ratiba zote na kredenshali zote. Ikiwaka itaanza kuendesha jobu za usiku, itaunganisha ejenti zako za SSH, na paipulaini zilizonakiliwa zikiwa katikati itataka kuziendeleza. Funga mtandao wa kutoka, na kabla ya kuwasha weka `init.groovy.d/kimya.groovy`:

```
jenkins.model.Jenkins.get().doQuietDown()
```

Eksekyuta 0 hazitoshi, kwa sababu sehemu ya paipulaini iliyo nje ya `node` haihitaji eksekyuta ya kawaida. Ikishawaka, hesabu jobu, angalia Manage Old Data iko tupu, na tafuta `BadPaddingException` kwenye logi. Ukiiona, ufunguo si wenyewe.

---

logi_kwanza

Nyongeza kwa skripti hapo juu: iache iwe faili kama ilivyo. Ukiibandika moja kwa moja kwenye mstari wa crontab, `%` ya `date +%F` inageuzwa kuwa mstari mpya na amri inakatika hapo. Huko lazima iandikwe `\%`.